Ng'ombe Anakula Ndani

Tong'.

Nikafungua macho. Kulikuwa giza bado, lile giza la kabla jogoo wa kwa jirani yetu Tabitha hajaanza makelele yake. Nikadhani ni tone la maji limeanguka kwenye beseni. Nikavuta shuka.

Tong'.

Halikuwa tone. Sauti ilitoka kitandani kwa Evelyn, chini ya blanketi, na kwenye matundu ya blanketi palikuwa na mwanga. Nikanyanyua pembe moja taratibu. Mwanangu alikuwa amekunja magoti, kishikwambi cha shule amekiegemeza mapajani, macho yamemtoka kama amefumaniwa na sukari.

"Evelyn. Saa kumi na moja hii."

"Nilitaka nipate moja tu, Mama," akanong'ona. "Moja tu kabla hakujakucha."

Hiyo tong' ndiyo sauti ya kukosa. Ukipatia, kinapiga kengele nzuri na nyota zinamwagika kwenye kioo. Kengele hiyo nilikuwa nimeisikia kwa jirani. Kwetu, siku ya nne ile tangu zamu yetu ianze, ilikuwa tong' asubuhi, tong' jioni.

Nilimpokonya, nikamfunika. Nikiwa nakizima akaniuliza, akiwa ameuelekea ukuta, "Mama, mimi ni mjinga?"

Nilimwambia alale.

Vishikwambi vilifika shuleni kwetu, huku Kirua Vunjo, mwanzoni mwa mwaka. Vilikuwa sita, vimeletwa na mradi mmoja wenye makao yake Dodoma. Ndani yake kuna akili mnemba: inamuuliza mtoto kwa sauti, inamsikiliza, inampa alama. Kila mtoto wa darasa la pili anakaa na kimoja nyumbani kwa wiki, kisha anampisha mwenzake. Kwenye mkutano wa wazazi hakuna aliyepiga makofi kunishinda. Mimi niliishia kidato cha pili. Evelyn ndiye aliyenitoa shule na Evelyn ndiye aliyenirudisha, maana siku alipoanza darasa la kwanza, nami nilijiandikisha masomo ya jioni kwa Mwalimu Nasrin. Basi nilisimama mbele ya wazazi wenzangu nikasema, kwa mdomo wangu huu, kwamba sasa kila mtoto wa kijiji atakuwa na mwalimu wake mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Kornelia, alikuwa amekaa mbele kabisa. Alisema neno moja tu, lakini alihakikisha ukumbi mzima umesikia: "Mwalimu anayenyonya umeme."

Sasa mkobani mwa Evelyn kulikuwa na barua. Watoto kumi na mmoja wana alama za chini. Ijumaa ya wiki inayofuata afisa wa mradi angekuja kuwapima mmoja mmoja, na asiyefika nusu angerudia darasa la pili. Evelyn alikuwa wa tisa kwenye orodha. Na huyu ni mtoto ambaye zamani, akirudi shule, ulikuwa unamsikia kabla hujamwona, anasimulia peke yake njia nzima. Mwalimu Nasrin, ambaye mchana ndiye mwalimu wake, alikuwa ameshaniambia: hanyooshi mkono tena. Akiulizwa anatazama viatu.

Kulipopambazuka, uji ukiwa jikoni, nilikaa kwenye kigoda nikafungua ule ukurasa wa majibu yake. Mama mkwe akaingia na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtoto ana macho mekundu. Mmemfanya nini?"

"Amekesha na masomo. Sikia nikusomee alichokosa."

Nilitaka tu mtu wa kunionea huruma. Nikasoma la kwanza: ng'ombe anakula wapi? Evelyn amejibu, ndani. Kikaandika, si sahihi, ng'ombe anakula malishoni.

Mama alitua mzigo. "Malishoni wapi?"

"Malishoni tu, Mama. Kwenye nyasi. Anatembea."

"Nani amemfungulia?"

Kwetu kila mtu ana kihamba chake, shamba la kuzunguka nyumba, kahawa hapa, migomba pale, mahali pa kumtembeza ng'ombe hakuna. Ng'ombe anakaa bandani, na wewe ndiye unayetembea. Mimi nimeolewa hapa miaka minane, na ng'ombe anayetembea barabarani nimemwona mara mbili. Mara zote mbili alikuwa amekimbia, na kijiji kizima kilikuwa nyuma yake.

Nikasoma la pili: kaskazini ni upande gani? Evelyn: juu. Si sahihi.

"Kwani ni wapi?" akauliza Mama, akageuka kabisa kuutazama upande wa mlima, huko juu, kama mtu anayehakikisha haujahamishwa.

"Ni juu, Mama. Kwetu kaskazini ni juu. Ila penginepo si juu."

"Mtoto anaishi penginepo?"

La tatu nililisoma kwa sauti ndogo kidogo. Mama ana mikungu minne ya ndizi. Anauza miwili. Imebaki mingapi? Evelyn: mmoja.

"Amepata," akasema Mama.

"Mama, nne toa mbili ni mbili."

"Na wa bibi yake?"

Nikacheka mpaka uji ukafurika. Evelyn alikuwa amesimama mlangoni na soksi moja, akaniangalia, kisha akamwangalia bibi yake, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu upande mmoja. Bibi hakutabasamu. Alijifuta mikono kwenye khanga.

"Kilete hapa."

"Mama, mtoto anachelewa shule."

"Kilete."

Alikibeba kishikwambi kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama sufuria ya moto, akaenda nacho mpaka bandani. Evelyn nyuma yake, mimi nyuma ya Evelyn na mwiko mkononi. Ng'ombe wetu anaitwa Sista kwa sababu ya baka jeupe linalomfunika kichwa kama kitambaa cha watawa. Alikuwa anatafuna, hana habari na elimu.

Evelyn akabonyeza alama ya kamera.

"Habari!" kikasema kishikwambi. "Mimi ni msaidizi wako wa kujifunza. Wewe unaitwa nani?"

"Kornelia."

"Habari yako, Kornelia! Nimefurahi kukufahamu."

Mama akanigeukia pole pole. "Kornelia? Mimi na huyu tulibatizwa siku moja?"

"Hakijui, Mama."

"Hakijui salamu, hakijui ng'ombe. Kinafundisha nini?" Akakielekeza kwa Sista. "Haya, wewe mgeni. Unaona nini?"

"Naona ng'ombe mwenye baka jeupe kichwani. Yuko ndani ya banda la mbao. Anakula majani na vipande vya mgomba."

"Anakula wapi?"

"Anakula ndani ya banda."

"Na mjukuu wangu ulipomuuliza, alisemaje?"

Kile kiduara kikazunguka. Tukasubiri wote, hata Sista alisimamisha taya.

"Mjukuu wako alisema ng'ombe anakula ndani. Kwa mazingira yenu, jibu lake ni sahihi. Samahani, Evelyn. Samahani, Kornelia. Asanteni kwa kunisahihisha."

Kengele ikalia. Nyota zikamwagika mle bandani, juu ya mbolea na kila kitu. Evelyn aliziba mdomo kwa viganja viwili.

Mama yeye alibaki ameduwaa. Kwetu mtu akikukosea kweli anakuja kuomba radhi na jani la sale mkononi, na ndugu wa kusimama nyuma yake, na hata hapo unaweza kumwacha nje kidogo akatafakari. Kumpelekea mtu sale si jambo la haraka. Kuna watu hapa kijijini wanadaiana sale tangu mimi sijazaliwa.

"Kimeomba radhi," akasema. "Bila sale. Bila hata kujikuna kichwa."

Siku ile nzima alipita na habari hiyo. Kisimani, dukani, kwenye njia ya kanisani. Kufika jioni hadithi ilikuwa imenona: kishikwambi kilikuwa kimeomba radhi mara tatu na sauti ikitetemeka.

Kesho yake asubuhi Evelyn alikaa mezani mwenyewe, bila kuambiwa, nywele zimechanwa. Akakiwasha.

"Ng'ombe anakula wapi?"

"Ndani!" akasema mwanangu kwa sauti yake ile ya zamani.

Tong'.

Mama alikuwa ameshika kizingiti. "Radhi gani hii," akasema, "inalala usiku mmoja inachacha?"

Lakini mimi sikucheka. Nilimwona Evelyn anakizima, anakiingiza mkobani, anafunga zipu, anaondoka bila kuaga. Kumwambia mtoto amekosa kunamuuma mara moja. Ukimwambia amepata, kisha ukamnyang'anya, unamfundisha asiseme kabisa. Na Ijumaa ilikuwa imebaki wiki moja na siku tatu.

Jioni ile nilifika darasani wa kwanza. Darasa letu ni lile lile la darasa la pili, watoto wakishatoka. Tunakaa kwenye madawati yao, magoti yanagusa kidevu. Tulikuwa wanawake wanane, pamoja na jirani yangu Tabitha na Eliona wa juu kwenye maporomoko. Mwalimu Nasrin ni mtoto wa Moshi mjini, kwao ni karibu na hospitali ya Mawenzi. Mchana anafundisha watoto, jioni anatufundisha sisi kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili. Tunampenda, na kwa kuwa tunampenda tunamtania kwamba hajui kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu mpaka kwenye viwiko. Yeye naye hutukumbusha kwamba bado hatujui kutafuta kipeo cha pili.

Nilimweleza yote, bandani mpaka tong' ya asubuhi.

"Hakikumbuki ya jana," akasema. "Kila asubuhi kinaamka upya."

"Kama mlevi," akasema Tabitha.

"Kama mtoto mchanga. Ila mtoto mchanga aliyesoma vitabu vyote."

"Vilivyoandikwa wapi?" akauliza Eliona.

"Si Kirua," akakubali Mwalimu Nasrin.

Akachukua kishikwambi cha shule, akaingia mahali ambapo mwalimu tu ndiye mwenye neno la siri. Palikuwa na ukurasa umeandikwa juu, *Maelezo ya darasa lako*. Chini yake nafasi kubwa, kurasa na kurasa. Kishikwambi kinasoma hapo kila asubuhi kabla ya kumsemesha mtoto yeyote. Na katika nafasi yote hiyo shule yetu ilikuwa imeandika maneno matatu: *Mkoa wa Kilimanjaro.*

"Mwalimu," nikasema.

"Usiniangalie hivyo, Mama Evelyn. Nilidhani ni pa kuandika anwani."

Tulimcheka hadi akajifunika uso kwa ushungi. Kisha akaufunua, akavuta kiti. "Haya. Kipeo cha pili kipumzike leo. Andikeni. Kila mtu sentensi zake, kwa mkono wake. Mwambieni huyu mtoto mchanga mahali alipozaliwa."

Mnadhani ilikuwa kazi nyepesi. Sentensi ya kwanza, *ng'ombe wetu wanakula ndani ya banda, majani tunawaletea*, niliandika mimi, dakika moja. Ya pili, *kwetu mlima uko kaskazini, kwa hiyo kaskazini ni juu na kusini ni chini*, Eliona, dakika mbili. Tukafika kwenye ndizi, aina ipi ni ya mapishi gani, tukakaa huko siku tatu.

"Andika mshare ni wa mtori," akasema Tabitha.

"Mshare si wa mtori tu," akasema Eliona. "Nyie wa huku chini ndiyo hamjui kula."

"Sisi wa huku chini? Ulikuja kuomba mbegu kwa nani?"

"Andikeni vyote viwili," akasema Mwalimu Nasrin.

"Mwalimu, wewe ukiwa na mikono safi ndiyo utoe hukumu," akasema Tabitha.

Siku ya pili mlango ulifunguliwa, akaingia Mama. Alisema amenifuata maana mvua inakuja na sina mwamvuli. Mwamvuli hakuwa nao na yeye. Alikaa dawati la mbele, mkoba mapajani, akasikiliza hadi uvumilivu ulipomwisha.

"Andika: ukifika kwa watu, unasalimia. Mkubwa unamwambia shikamoo. Jina lake hulitaji kama unamwita mbuzi."

Nikaandika, ila mbuzi nilimwacha.

"Andika tena: mikungu ikiwa minne, mmoja ni wa bibi."

"Hapo hapana, Bibi," akasema Mwalimu Nasrin kwa upole. "Hesabu ni hesabu. Evelyn hapo alikosa kweli, na lazima tumwambie. Akienda popote duniani nne toa mbili ni mbili."

"Popote duniani bibi hapewi?"

"Anapewa. Lakini baada ya hesabu."

"Basi hiyo si hesabu, mwalimu. Huo ni uchoyo."

Darasa likagawanyika. Tabitha akasimama upande wa Bibi, bila aibu, kwa sababu naye ameshapata mjukuu. Mwishowe tuliandika hivi, na hadi leo imo: *Ukiuliza swali la kugawana ndizi, sema wazi kwamba wa bibi umeshatolewa.* Mama aliisoma mara mbili kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. "Sasa kina adabu," akasema.

Tulijaza kurasa saba. Mfereji, na zamu za kuufungulia maji. Kahawa inachumwa ikiwa rangi gani. Mbege ni pombe ya wakubwa. Kwa nini mama aliyejifungua hatumpi kazi. Kati ya wale wanane, wawili hawakuwahi kuandika sentensi ya kusomwa na mtu mwingine. Waliandika polepole, ulimi nje, na walipomaliza hawakutaka karatasi itupwe hata baada ya Mwalimu Nasrin kuinakili. Mmoja alikwenda nayo nyumbani.

Jumamosi Baba Evelyn alipopanda kutoka mjini, ambako ni fundi seremala, alitukuta wote mezani. Zamu yetu ilikuwa imekwisha, lakini Mwalimu Nasrin aliwaongezea siku wale kumi na mmoja, kwa kupokezana. Evelyn hakutaka kukigusa. Nikakiwasha mimi.

"Shikamoo," kikasema.

Mama akajiweka sawa kwenye kiti. "Marahaba."

"Shikamoo," kikasema tena.

"Marahaba," akasema Baba Evelyn.

"Shikamoo, Evelyn."

Mtoto wa miaka saba alitutazama mmoja mmoja kuona kama kuna anayemtega. Kisha akanyoosha shingo. "Marahaba, mjukuu," akasema, na meza nzima ikaanguka kicheko. Tulikuwa tumeandika mkubwa asalimiwe. Kwamba mtoto asiamkiwe, nani angekumbuka kuandika? Nilirekebisha Jumatatu kwa Mwalimu Nasrin, ingawa Evelyn aliniomba nipaache.

Kuanzia hapo alikifungua mwenyewe. Sisemi kila kitu kilinyooka. Ng'ombe alipata, kaskazini alipata, lakini kusoma kulikuwa na makosa yake ya kweli ambayo hayakuwa ya mlima wala ya mgomba. Alikuwa anaruka mwisho wa neno, anaubuni. Na hapo ndipo nilipokiheshimu kile kitu. Kilimrudisha kwenye neno moja mara ishirini, sauti ile ile, bila kuvuta pumzi ya kuchoka. Mimi mamake, ninayempenda kuliko macho yangu, mara ya sita ningekuwa nimeshapandisha sauti. Kengele zikaanza kusikika nyumbani. Si nyingi. Lakini tong' ikilia hakukizima tena. Alikuwa anakunja uso na kusema, "Ngoja."

Ijumaa ikafika na mvua za masika. Afisa wa mradi, Bwana Hafidhi, alikuwa kijana mpole, viatu vimejaa tope, siku ya tatu tu tangu aje mkoani kwetu. Wazazi tuliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa tukiahidi kunyamaza. Mama aliahidi kwa mkono kifuani.

Akafungua begi, akatoa kishikwambi chake.

Mwalimu Nasrin akainuka. "Samahani, Bwana Hafidhi. Tutumie vya shule. Maelezo ya darasa yamo humo."

"Ndiyo, mwalimu, lakini kipimo lazima kiwe kimoja kwa shule zote. Shuleni Mabogini nimetumia hiki hiki."

"Mabogini watakuwa na yao ya kuandika. Wao wana mpunga. Hawa wana migomba."

"Nakuelewa. Lakini huo ndio utaratibu."

Kurasa saba zilikuwa kabatini, ndani ya kishikwambi kilichozimwa, na mwanangu alikuwa wa tisa.

Walianza. Wa kwanza akapita, wa pili hakupita. Wa tano aliulizwa ng'ombe anakula wapi, akajibu ndani, ikalia tong', na nyuma ya darasa mtu mmoja akakohoa kwa nguvu. Nilimshika Mama goti. Bwana Hafidhi akaandika alama, lakini nilimwona ameitazama ile karatasi muda mrefu kidogo.

"Evelyn Wenseslaus."

Akaenda. Miguu haikufika chini kwenye kile kiti. Alisoma sentensi nne, akateleza kwenye moja, akarudi mwenyewe akainyoosha. Akaulizwa hesabu ya machungwa, nikamwona anafikiri, midomo inacheza, namjua anamtafuta bibi kwenye machungwa yale. Akampata, akamwacha. "Matano." Kengele.

Bwana Hafidhi alihesabu kwa kalamu. "Amebakiza moja," akamwambia Mwalimu Nasrin. "Akipata hili amefika nusu."

Kishikwambi kikauliza: "Theluji inapatikana wapi?"

Nilifumba macho. Hata kurasa zetu saba zisingemsaidia hapo: ndizi siku tatu, na mlima hatukuuandika kabisa zaidi ya upande uliopo. Nani huandika kitu ambacho kipo?

Nikamsikia mwanangu. Alisema bila kusita, na najua alinyoosha mkono kwa sababu nilisikia kiti kikilia.

"Pale juu."

Tong'. "Si sahihi. Theluji inapatikana katika nchi za baridi."

Nilifumbua macho. Nilikuwa namngoja atazame viatu. Mama, maskini, ahadi ya kunyamaza ilikuwa inamuua. Tabitha alikuwa ameuma khanga. Lakini Evelyn alikuwa bado ameuelekeza mkono dirishani, hakuushusha, kama mtu anayengoja wengine wamalize kukosea.

Bwana Hafidhi akafuata kidole chake. Darasa zima tukageuka. Na nje, kwa siku ya tatu mfululizo, hapakuwa na mlima. Palikuwa na ukungu mweupe kuanzia kwenye migomba ya shule hadi mbinguni.

"Pale wapi?" akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akachungulia kutokea pale pale alipokuwa akitazama Evelyn. Akaona nyeupe tupu. Akakaa hivyo. Kisha nikamwona anatazama jina la mkoa juu ya karatasi yake mwenyewe, na masikio yakaanza kumwiva.

"Mwalimu," akasema, "wa ng'ombe alikuwa nani?"

"Wa tano," akasema Mwalimu Nasrin.

Bwana Hafidhi akakifunika kishikwambi. Akaivuta ile orodha, akamsogezea, na kalamu juu yake. "Hili swali jaza wewe. Na la wa tano pia. Halafu hizo kurasa zenu nionyeshe, niende nazo Dodoma."

Mwalimu Nasrin aliandika, kalamu ikikwaruza. Alama moja ya vema, fupi, kisha ya pili. Mama aliniegemea begani, akaninong'oneza kwamba kijana huyu naye hajaomba radhi vizuri, lakini ana sura ya mtu aliyelelewa.

Bwana Hafidhi akasogea dirishani. Alifuta kioo kwa kiwiko, akakaza macho kwenye ule weupe, akamuuliza Evelyn polepole, kama mtu anayeomba siri, "Lakini kweli ipo pale?"

Mwanangu akamtazama, akamwonea huruma.

"Subiri mawingu yatoke," akasema.